Miaka Minne Baada ya Gatluak

Mstari mwekundu huchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Unaweka rula, unavuta kalamu, basi. Niliuchora juu ya jina la mtoto wa miaka mitano, Nyawal, asubuhi ya Alhamisi moja ya mwezi wa sita mwaka 1997, na mtoto mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya meza yangu akinyonya kamba ya gauni lake. Hakujua kusoma. Aliutazama ule mstari ukikua kutoka kushoto kwenda kulia, akatabasamu, maana rangi ilimpendeza.

Kwa miaka mitatu nilikuwa karani wa usajili katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mume wangu Shadrack alikuwa ofisi ya maji Lodwar, na watoto wetu wawili walisoma huko, karibu na nyumba yetu ya Kanamkemer. Mimi nililala Kakuma Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa nikapanda lori la ofisi kurudi kwangu. Nilikuwa na diploma ya utunzaji wa kumbukumbu, meza, chumba cha mabati kilichoanza kuchemka saa tatu asubuhi, na karatasi moja kubwa ukutani tuliyoiita kalenda ya matukio.

Watu waliotoka Sudan hawakutaja miaka kwa tarakimu. Walisema mwaka wa njaa kubwa. Walisema mwaka kambi ya Itang ilipovunjika tukakimbia. Mimi nilitazama ukutani, nikageuza maneno yao kuwa tarakimu, kisha nikaziandika daftarini katika safu mbili: kushoto waliokufa, kulia waliozaliwa. Safu hizo mbili zilikuwa ubunifu wangu, hakuna chuo kilichonifundisha. Mtu anaweza kulia uongo na kuapa uongo, lakini tarehe mbili ukiziweka ubavu kwa ubavu husemezana zenyewe. Ofisi ilinisifu. Kiprop, msimamizi wangu, aliwaambia wageni, "Huyu ndiye Madam Awino. Hapiti mtu hapa na babu wa kukodi."

Sikuwa mkatili. Watu waliazima watoto kweli ili kadi ya chakula iwe nene, na familia zilipoanza kusafirishwa kwenda Marekani waliazima zaidi. Mtoto wa kuazima akipandishwa ndege, kuna mama wa kweli anayebaki ardhini. Hilo nililijua nami ni mama, na ndiyo sababu kalamu yangu nyekundu haikukauka.

Nyamal aliingia akiwa wa nne kwenye orodha. Mwanamke Mnuer, mrefu, shanga za rangi tatu shingoni, amemshika Nyawal mkono. Nyuma yao alisimama Tap, shemeji yake, kijana wa miaka kama thelathini. Ndege yao ilikuwa Alhamisi iliyofuata. Kilichobaki ni mimi tu kuthibitisha faili.

Mkalimani alikuwa Malual, Mdinka aliyejua Kinuer, Kiarabu cha Juba na Kiswahili alichokiokota kambini.

"Muulize mumewe ni nani."

"Gatluak," alisema Malual baada ya kuuliza.

"Yuko wapi?"

"Alikufa. Mwaka ya njaa kubwa."

Nikatazama ukutani. 1988. Nikaandika kushoto.

"Huyu mtoto alizaliwa lini?"

"Itang ilivunjika, mvua ikapita moja, akazaliwa."

1992. Nikaandika kulia.

"Na baba yake ni nani?"

Nyamal hakungoja tafsiri. Jina alilisema mwenyewe, akinitazama usoni. "Gatluak."

"Gatluak mwingine?"

"Huyohuyo," Malual alisema.

"Huyo aliyekufa?"

"Anasema ndiyo." Malual alijikuna shingo. "Madam, kwa hawa watu kuna kitu kidogo, ngoja nikuambie..."

"Malual, kazi yako ni kutafsiri. Usinifafanulie. Ukianza kufafanua, wewe ndiye unayehojiwa."

"Sawa, madam."

Hiyo ilikuwa kanuni ya ofisi, nami niliiamini. Neno linaingia upande mmoja, linatoka upande wa pili, halijaongezewa chumvi.

"Huyu Tap anaishi nyumba moja nanyi?"

"Anasema Tap anashika nyumba ya ndugu yake."

"Basi baba wa mtoto ni Tap."

Malual alitafsiri. Nyamal alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeambiwa kwamba mlango ni dirisha, akajibu kwa kirefu. Tap alitazama sakafu.

"Anasema Tap hajaoa. Anasema ng'ombe zilienda kwa baba yake yeye, ilikuwa ng'ombe ya Gatluak, ishirini na tano. Rangi zake anajua. Ya kwanza ilikuwa..."

"Mimi sikuuliza habari za ng'ombe."

 Ndipo nilipochukua rula.

Kwenye nafasi ya maoni niliandika: *Tarehe zinagongana. Uzazi haujathibitishwa. Huenda ni mtoto wa kuazima.* Maana yake ilikuwa kwamba Nyamal na Tap wangeondoka Alhamisi, na Nyawal angebaki, ahamishiwe orodha ya watoto wasio na wazazi mpaka kamati ikae. Kamati ilikaa mara mbili kwa mwaka, ikikumbuka.

Sikuwaacha hivihivi. Nilimweleza Nyamal kwamba bado kulikuwa na njia: fomu ya kiapo, ambayo mwisho wake ni Jumatano saa sita mchana. "Mwambie aape kwamba baba ni Tap, aweke kidole gumba, Tap naye aweke chake. Mstari nitaufuta mwenyewe, wapande ndege wote watatu."

Malual alitafsiri polepole. Nyamal alimvuta mtoto akamsimamisha katikati ya magoti yake.

"Anasema hawezi," Malual alisema. "Madam, natafsiri tu. Anasema ukimpa Tap huyu mtoto, Gatluak amekufa sasa."

"Mwambie alishakufa. Ndiyo shida yetu."

Sijui kama alilitafsiri hilo. Alisema kitu kifupi, nao wakainuka. Mlangoni Nyawal aligeuka kuutazama tena ule mstari mwekundu.

Jioni hiyo Kiprop alipitia faili akasema, "Kazi safi." Nililala usingizi mzuri. Nalisema hili kwa sababu ni kweli.

*

Mama yangu alikuwa amefika Lodwar Jumatano, kutoka kwetu Alego, kwa safari ya siku mbili, na kufikia Jumamosi alikuwa amekwisha kuukosoa mji mzima. Nilimkuta jikoni kwenye kigoda, amejifunga leso kiunoni, anakwaruza magamba ya samaki.

"Samaki gani huyu, hana hata harufu," alisema. "Ziwa lenu limemkosea nini?"

"Ni samaki, Mama."

"Sawa. Wewe ndiye uliyesoma." Aliifuta mikono, akafungua Biblia yake, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. "Chifu anataka sahihi yako. Shamba la baba yako linagawanywa, na siku hizi wanataka hata mabinti walioolewa watie sahihi. Soma kwanza, usije ukasema nimekuibia."

Nilivuta kiti nikasoma. Barua ilikuwa fupi. Marehemu Opondo, aliyefariki Novemba 1961. Watoto wake: kaka yangu mkubwa, 1956. Kaka yangu wa pili, 1959. Mimi, Agosti 1964. Nilisoma nikapita. Nilikwisha kufika kwenye muhuri wa chifu, macho yakarudi juu yenyewe, bila kuitwa, kama mguu unavyorudi kuangalia ulichokanyaga.

Kushoto, 1961. Kulia, 1964.

Mkono wangu ulisogea mezani. Nilipoutazama niliona unachotafuta: kalamu.

"Mama, tarehe ya kifo imekosewa."

"Ipi?"

"Wameandika sitini na moja."

"Haijakosewa. Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa. Tulimzika tukiwa tumesimama majini, kaburi linajaa kabla sanduku halijashuka. Nitasahau?"

Mwaka wa mvua kubwa. Ningekuwa ofisini ningetazama ukutani.

"Mimi nimezaliwa sitini na nne."

"Agosti. Najua, nilikuwepo."

"Basi Opondo hawezi kuwa baba yangu."

Kisu kilisimama juu ya samaki. Mama alinitazama kwa mshangao, si wa mtu aliyefumaniwa. Alinitazama kama anatafuta dalili za homa.

"Nani amekuambia maneno hayo? Ni huko Kakuma?"

"Ni hesabu, Mama. Alikufa karibu miaka mitatu kabla."

"Ndiyo. Kwani nani amesema hakufa?" Aliweka kisu chini. "Nyumba uliyozaliwa ilikuwa ya nani? Jina lililoko kwenye kitambulisho chako limetoka wapi? Ng'ombe walionitoa kwetu walikuwa wa nani?"

Nilihisi baridi, Lodwar, saa sita mchana, jiko linawaka. *Mimi sikuuliza habari za ng'ombe.* Maneno hayo nilikuwa nimeyasema siku mbili zilizopita kwa sauti hii hii, na sasa yalikuwa yamenirudia mimi.

"Aliyenizaa ni nani?"

"Elijah alikuja kushika nyumba ya kaka yake. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua."

"Ulijua. Ulikula mkononi mwake. Ulikuwa hujauliza tu."

"Mlinificha."

"Nyathina," aliniita kwa lugha yetu, mwanangu, kama alivyoniita nikiwa na surua, "kitu kinachojulikana na kijiji kizima kimefichwa wapi?"

 Mtu wa kumbukumbu, mwenye diploma, nimeishi miaka thelathini na miwili ndani ya faili langu mwenyewe na sijawahi kulifungua. Niliambiwa baba alifariki nikiwa mdogo, nikaweka mwaka wowote. Msalaba wa kaburi lake ulikuwa wa mbao, uliliwa na mchwa zamani, na tarehe ikaliwa nao. Mwanamume aliyenifunza kuendesha baiskeli, aliyenipeleka chuoni na sanduku la bati kichwani kwake, nilimwita baba mdogo, na watoto wake niliwaita binamu.

"Nilimwita baba mdogo maisha yake yote," nilisema.

"Na aliitika. Ungemwita baba angekuchapa. Alikuwa mtu wa heshima zake, hakuja kumwibia kaka yake."

"Na kaka zangu wanajua?"

"Wanajua nini? Kwamba wewe ni dada yao? Wanajua." Alimgeuza samaki upande wa pili. "Tia sahihi basi, nisirudi na karatasi tupu."

Sikutia. Niliikunja barua nikaiweka kwenye mkoba wangu wa kazi.

Elijah alikuwa amekufa miaka miwili kabla. Nilikwenda kumzika kwa siku moja. Niliketi upande wa wapwa, nikatupa udongo zamu ya wapwa ilipofika, nikaondoka kabla ya ibada kwisha kwa sababu lori la kurudi lilikuwa linapiga honi barabarani. Hilo lilinijia nikiwa nasugua sufuria. Lilinijia tena Shadrack aliponiuliza kwa nini chakula hakina chumvi. Jumapili nzima nilizungumza na watu bila kusikia wanachosema, na kila nilipomtazama mama akicheza na wanangu nilishangaa kwamba hakuna kilichobadilika usoni mwake.

*

Jumatatu tulichelewa njiani, maana gurudumu la lori lilipasuka. Nilifika Kakuma saa saba mchana, nikashuka kabla lori halijasimama vizuri. Ekai, askari wa lango, alinisalimu, "Ejok, madam," nami nikampita bila kuitikia, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Nilikuwa nimepanga maneno. Ningelichukua faili la Nyamal, nieleze kwenye maoni kwamba karani alikosea, kwamba kwa watu hawa mtoto ni wa yule aliyetoa ng'ombe, hata akiwa kaburini, na kwamba ndugu anayeshika nyumba anamzalia marehemu. Sentensi tatu. Nilikuwa nimeziandika kichwani tangu Lodwar.

Faili lilikuwa juu ya meza yangu. Ndani yake palikuwa na karatasi mpya: fomu ya kiapo. Baba wa mtoto: Tap. Chini, vidole gumba viwili, kimoja kikubwa na kimoja chembamba. Tarehe ya Jumamosi. Kiprop alikuwa amewapokea mwenyewe.

Nilimtafuta Malual, tukaenda naye hadi kwa Nyamal. Alikuwa ameketi chini nje ya nyumba yake ya udongo. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa. Shanga hazikuwapo. Mahali zilipokaa shingoni palikuwa na alama tatu, ngozi nyororo kuliko nyingine. Tap alikuwa ameketi upande wa pili wa ukuta, ametupa mgongo. Majirani walikuwa wanaondoa mikeka.

"Kuna nini hapa?" nilimuuliza Malual.

"Leo unataka nitafsiri ama nifafanue?"

Nilistahili hilo. "Fafanua."

"Ni msiba. Jumamosi waliweka kidole. Jana watu wamekuja, wamemlilia Gatluak." Alisita. "Mara ya kwanza walimlilia mwaka ya njaa. Lakini ile mara alikuwa na jina, ndugu atamzalia, mtu hakuisha. Sasa ameisha. Na Tap anasema madam amemfanya mwizi wa ndugu yake, na atakuwa mwizi mpaka Amerika."

Nimesimama kwenye matanga mengi. Sijawahi kusimama kwenye matanga niliyoyasababisha kwa rula.

Nyamal aliinua macho. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Alizungumza taratibu.

"Anauliza kama karatasi yake iko sawa sasa," Malual alisema. "Kama mtoto atapanda."

Niligeuka nikarudi ofisini karibu nikikimbia.

"Nataka kuifuta fomu hii," nilimwambia Kiprop. "Nirudishe jina la Gatluak, nieleze mila yao."

Kiprop alikuwa mtu mwema, mvivu kidogo wa mikutano, si wa kazi. Aliisoma fomu, akaiweka chini. "Utaeleza kwa nani? Faili linasomwa na mtu aliyeko Nairobi, ana mafaili mia mbili. Anatazama tarehe, kama wewe. Ukifuta, mtoto anabaki. Ukiacha, mtoto anakwenda. Hakuna mlango wa tatu, Madam Awino. Ungekuwepo ningekuonyesha."

"Kiprop, nikikuambia baba yangu alikufa miaka mitatu kabla sijazaliwa, utaandika nini?"

Alidhani natania. "Nitaandika tarehe zinagongana. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Nilitoa kitambulisho changu nikakiweka juu ya fomu. Awino Opondo. Alikitazama, akanitazama, akakigeuza nyuma kana kwamba maelezo yangekuwa huko.

"Lakini hiki," alisema, "hiki kimetolewa na serikali."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anajaribu kunisaidia.

Niliketi na faili mpaka ofisi ikafungwa. Kwa miaka mitatu nilifikiri ninasoma kilichoandikwa. Sasa niliona kwamba tarehe hazikusema lolote. Tarehe hazina mdomo. Zilikaa ubavu kwa ubavu miaka yote, na sasa kwenye karatasi ya chifu, mbele ya mama, mbele ya kijiji, na kila aliyezisoma aliona mtoto wa Opondo. Mimi nilizisoma nikaona uongo. Karatasi ni ileile. Na mafaili mengine niliyochora mistari, mangapi? Sikuthubutu kufungua kabati.

Jumanne asubuhi nilirudi kwa Nyamal. Sikwenda na fomu. Nilikaa chini, kwenye udongo, nikamwambia Malual atafsiri kila neno bila kuongeza.

"Mwambie baba yangu anaitwa Opondo. Alikufa mwaka wa mvua kubwa. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye. Mdogo wake alishika nyumba."

Nyamal alisikiliza. Sikuona mshangao wowote usoni mwake, kana kwamba nimemwambia nilizaliwa na macho mawili. Kisha akauliza.

"Anauliza huyo ndugu bado iko hai?"

"Alikufa miaka miwili iliyopita."

"Anauliza ulimlilia kama nani."

Nilitazama mikono yangu. "Kama baba mdogo."

Nyamal aliitikia kwa kichwa chake kilichonyolewa, akasema neno moja.

"Anasema ulifanya vizuri."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya mtu niliyemnyang'anya mume mara ya pili. Nilikuwa nimebeba tangu Jumamosi hatia ya kumzika baba yangu kama mpwa, na mwanamke huyu aliichukua akaisoma upya kwa neno moja, ikawa heshima. Sijui hata leo ni usomaji upi ulio sahihi. Alinisubiri nimalize, kisha akasema kuhusu fomu. Malual alitafsiri akitazama pembeni.

"Anasema usifute. Anasema mtoto apande kwanza. Mtoto akiwa hai, kuna mtu wa kuuliza siku moja. Akibaki hapa peke yake, nani atamwambia Gatluak ni nani?"

*

Alhamisi upepo ulikuwa umepuliza vumbi juu ya uwanja wote wa ndege, tukasimama tumejifunika leso. Watu arobaini na mmoja, kila mmoja na mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi zake. Kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na ngazi, nimeshika orodha, nithibitishe kila anayeitwa. Anayeita alikuwa afisa mgeni kutoka Nairobi, kijana mwenye kofia, sauti kubwa, hana muda. Katika mkoba wangu barua ya chifu ilikuwa bado haina sahihi.

"Nyamal," aliita. Nyamal akasogea. "Tap." Tap akasogea, bila kuinua kichwa. "Nyawal Tap."

Hakuna aliyesogea.

"Nyawal Tap."

Mtoto alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwa mama yake, amevaa sweta ya msaada inayofika magotini, anatazama mapanga ya ndege. Jina lilimpita kama la mtu mwingine. Nyamal alitazama mbele. Nilijua angeweza kumvuta mkono. Hakumvuta. Tap alitazama vidole vya miguu yake. Nilielewa kwamba jambo hilo moja hawangelifanya, hata kama ndege itaondoka.

"Nyawal Tap hayupo?" Afisa aliinua kalamu. Ilikuwa nyekundu.

"Yupo," nilisema. "Huyu hapa."

"Ndiye huyu? Una hakika?"

Miaka mitatu sijawahi kulipitisha jina nisiloliamini. "Ndiye," nilisema, na nikamshika mtoto bega, nikamsogeza mpaka kwenye ngazi.

Nyawal aliniangalia. Alinikumbuka, mwanamke wa mstari wa rangi. Kisha akamgeukia yule afisa na kusema kwa sauti ya wazi, kama mtoto aliyefundishwa la kujibu akiulizwa yeye ni nani: "Nyawal Gatluak." Akavuta pumzi, akaendelea, jina baada ya jina, baba hadi babu, kwa mpangilio, akipanda nalo kila ngazi.

"Anasema nini?" afisa aliuliza.

Malual aligeuka. Alinitazama mimi, na nikaona anasubiri nichague ni kazi gani ninayotaka aifanye.

"Anaaga," nilisema.

Afisa aliweka alama ya vema akapindua ukurasa. Nyamal alinipita. Alipofika juu alisimama kidogo ili mtoto asikatizwe. Gatluak, Ruot, Lam, Kuek. Alikuwa amefikia jina la tano, na bado anapanda, nilipoacha kumsikia kwa sababu ya injini.